Tangi Lililokataa Sita

Majuma yale nilikuwa naamka nikiwa tayari nimechoka. Kabla hata ya chai nilivaa gambuti, nikavuka uwanja wenye baridi ile ya Eldoret inayoingia hadi kwenye meno, nikaingia kwenye kibanda cha plastiki nyuma ya nyumba na kutumbukiza kipimo cha pH ndani ya tangi. Namba niliyoitaka ilikuwa sita. Spinachi yangu haikuwa na udongo, ilining'iniza mizizi kwenye mabomba na kula kilichomo majini. Namba ikipanda uchachu hupungua, na maji yakikosa uchachu huo, chakula kinakuwa pale pale na mmea hauwezi kukila. Kila jioni niliyaacha kwenye sita. Kila asubuhi niliyakuta yamepanda hadi saba na nusu, siku nyingine nane.

Basi nilitia asidi kwa bomba la sindano, tone baada ya tone, nikakoroga, nikapima, nikatia tena. Namba ilipofika sita nilikuwa nimechelewa, na nguo zinanuka dawa. Halafu mjini, ofisini, kupiga chapa barua za watu wengine hadi saa kumi na moja. Ukiniuliza kwa nini sikuachana na spinachi nikanunua sokoni kama wenzangu, jibu ni fupi. Mimi ni mtu wa kichwa kigumu, na nilikuwa nimeshawaambia watu.

Mama alikuwa anaishi nami. Tangu baba atutoke alibaki peke yake nyumbani, upande wa Kakamega, na mwaka ule alianguka mara mbili kwenye njia ya kisima. Kaka yangu alimchukua Nairobi, mama akarudi kabla ya miezi miwili. Dada alimchukua Kisumu, akarudi upesi zaidi. Hakugombana na mtu. Alifunga tu mzigo wake akashukuru kwa chakula. Mimi ndiye niliyebaki, na akitoka kwangu hakukuwa na kwingine ila ile nyumba na ile njia. Hilo lilinichosha kuliko tangi, lakini tangi lilikuwa na namba ya kusoma.

Nilishuku kipimo, nikanunua maji maalumu ya kukirekebishia. Kilikuwa kizima. Nilishuku maji ya kisima cha jirani, nikakinga ya mvua. Namba ikapanda vile vile. Majani yakawa njano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani, na chini ya tangi pakaanza kutuama unga mweupe. Bwana mwenye duka la dawa za mimea aliniuliza, kwa upole wa kuudhi, "Madam, una uhakika unajua kusoma hiyo mashine?" Nililipa nikaondoka. Nilijiuliza swali hilo hilo njia nzima ya kurudi.

Jumamosi moja baridi iliniamsha kabla ya saa yangu. Nilipofungua mlango wa kibanda nilimkuta mama, shuka mabegani, anamimina kitu kutoka kwenye sufuria ndani ya tangi. Taratibu, kama anayemwagia mtoto maji.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ni munyu tu."

Munyu ni maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Kwetu hutiwa kwenye mrenda na mboga nyingine za kienyeji ili zilainike. Na hakuna kinachoua uchachu kama majivu.

"Niliona mboga zako zimeanza njano," alisema. "Nyumbani sukuma ikifanya hivyo tunawekea jivu kwa shina. Sasa nikaona jivu litaziba hizi paipu zako, ndio nikachuja."

Alikuwa amechuja mara mbili, kwa kitambaa chake cha kichwa. Alianza na majani mawili ya njano. Dawa yake ikaleta mengine, na yalivyozidi ndivyo alivyozidisha dawa. Mimi nami nikazidisha asidi. Wiki tatu tulivutana kamba, yeye alfajiri na mimi baada yake, na spinachi katikati inakufa.

Ningecheka. Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka ana ulimi mbaya. "Nani alikuomba?" nilisema. "Si nilikuambia siku ya kwanza, hapa ni kupumzika tu, usiguse kitu?"

Mama alinipita mlangoni. Alisuuza sufuria, akairudisha jikoni. Wakati wa chakula cha mchana alisema kwamba Jumanne, Mungu akipenda, angependa kurudi nyumbani.

Jumapili asubuhi tangi lilisoma sita bila tone la asidi. Nililitazama na sikufurahi hata kidogo.

Baada ya kanisa mama alikaa kwenye kigoda kando ya uzio, mbele ya kipande cha ardhi ambacho sikuwahi kukigusa. Nilifanya ninachojua. Nilichota udongo mbele yake, nikaukoroga kwenye kikombe na maji ya mvua, nikatumbukiza kipimo. Kilisoma tano kasoro. Uchachu mtupu.

"Mama, huu udongo unataka majivu."

"Najua. Niliuonja wiki ile nilikuja. Konzi moja kila shimo, halafu uache mvua mbili zipite."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisiguse kitu." Aling'oa jani la gugu, akalizungusha vidoleni. "Na asubuhi yote unaongea na hiyo mashine. Nikaona nisikukatize."

Niliona aibu, aibu ya mtoto aliyekamatwa. Kule Nairobi walikuwa wamemwambia apumzike. Kule Kisumu walikuwa wamemwambia apumzike, wakamletea na mto wa kuegemea. Sisi watatu tulikuwa tumemfukuza kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa namalizia.

Kwa hiyo sikumwomba abaki apumzike. Nilichuchumaa karibu na kigoda nikamwambia ukweli, ambao sikuwa nimemwambia mtu yeyote. "Mama, mimi nimechoka. Natoka hapa nimechoka na narudi nimechoka. Hiki kipande siwezi. Sina mtu wa kukilima."

Mama alilitupa lile jani la gugu. Kisha aliinuka, akajifunga leso kiunoni, akauliza jembe liko wapi.

Sikuwa na jembe. Nilienda kuazima kwa jirani.