Unywele Ulioelea

Nabintu hakugusa kichwa cha mtu kabla ya kukipima kwa maji. Wateja wapya walimcheka. Wamekuja kusukwa pale Namuwongo, kando ya reli, chini ya mabati mawili yenye kutu, na huyu Mkongo anachukua unywele mmoja kutoka kwenye kitana, anauosha kwa sabuni, anautia ndani ya gilasi ya maji, kisha anakaa kuutazama utadhani anasubiri chai ichemke! Lakini walirudi. Gilasi ile ilikuwa haijawahi kumdanganya.

Unywele ukielea, basi ni nywele zilizojifunga. Maji yanateleza juu yake na mafuta yanabaki nje yakikusanya vumbi. Hizo zinataka maji ya vuguvugu, kitambaa chenye mvuke, na mafuta kidogo tu. Unywele ukizama upesi, umejaa matundu. Unakunywa kila unachopewa na ikifika jioni umekauka tena. Huo unataka mafuta mazito ya kufungia maji ndani, na mkono usio na haraka.

Unywele wa Akullo ulizama kama msumari. Hiyo ilikuwa mwaka sabini na tano, serikali ya wanajeshi ikiwa imeshapiga marufuku wigi, na wanawake wa mjini wamelazimika kutoka na vichwa vyao wenyewe. Akullo, mke wa polisi aliyeitwa Otim, alikuwa ameficha chini ya wigi nywele alizozichoma miaka mingi kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto.

“Mama Alal, hii ni kichwa ao ni sigiri ya makaa?” Nabintu alimuuliza Akullo. Alikuwa na hasira ya kweli.

“Mimi mwenyewe nilichoma. Nilikuwa nataka inyooke.”

Nabintu alimwambia bila kumbembeleza kwamba nywele iliyoungua haiponi. Dawa ni kungoja mpya ziote, na kupunguza zile zilizokufa kidogo kidogo kutoka nchani. Wakaanza. Jumamosi kwa Jumamosi, miaka miwili. Sabuni ikapotea madukani, wakaosha kwa kipande kilichokatwa mara nne. Mama yake Akullo akawa anatuma kutoka Lira kopo la moo yaa, mafuta mazito ya kaskazini, na Nabintu akayayeyusha viganjani na kuyapaka juu ya maji. Otim alikuwa anakaa kwenye benchi na mtoto wao Alal mapajani, akitania.

“Mama Nabintu, wewe nalisha hii nywele kuliko mimi nalisha mwenye nywele.”

Kisha anasogea, anavuta msokoto mmoja kwa kidole, anauachia ujikunje tena, na kucheka. Kila Jumamosi alifanya hivyo, na kila Jumamosi alicheka upya.

Februari ya sabini na saba wanajeshi walimchukua Otim kazini, saa nne asubuhi, mbele ya wenzake. Kosa lake lilikuwa jina lake na alikotoka, kaskazini. Akullo alizunguka ofisi zote, akasimama siku tatu kwenye lango la gereza la Luzira, na hakuna aliyemwambia lolote. Ndugu huko Lira wakaomboleza. Mama yake akatuma neno kwamba anyoe nywele, kama anavyonyoa mjane. Akullo akakataa katakata. Anyoe kwa maiti gani?

Jumamosi ya tatu alikuja kwa Nabintu, akaichukua gilasi yeye mwenyewe.

“Tupime. Ikielea, Otim iko hai.”

Hapo ndipo Nabintu alipaswa kusema hapana. Lakini yeye alimzika mume wake, Mushagalusa, kule Bukavu kwa mikono yake, na alijua mwanamke huyu amekosa hata hicho, kaburi la kulilia. Roho ikamuuma. Akaupitisha ule unywele kati ya vidole vyenye moo yaa, na ulipotiwa majini ukaelea, kwa kuwa mafuta hayazami. Akullo alilia kwa furaha, na Nabintu akajiona ametenda wema.

Alitenda wema huo Jumamosi tano.

Wakati huo nyumba za polisi Bukoto, alikoishi Akullo, zilikuwa zinabaki tupu. Familia tatu za watu wa kaskazini zilichukuliwa, wake na watoto pamoja. Odoch, mdogo wake Otim, akapata lori la kuwapeleka Akullo na mtoto Busia siku ya Jumapili, ili wavuke mpaka kwenda Kisumu. Akullo hakutaka kusikia. Otim arudi akute nyumba tupu? Gilasi imesema yuko hai! Asubuhi ya Jumamosi, ya sita tangu waanze kupima, Odoch alimfuata Nabintu.

“Dada, wewe peke yako ndiye Akullo atasikia. Akibaki, watachukua yeye na mtoto.”

Mchana, Akullo alipokaa kitini, Nabintu alinawa mikono kwa sabuni yake ya mwisho. Akauosha unywele mara tatu. Hakuwa na ujasiri wa kusema kwa mdomo; alitaka maji yaseme. Uzame tu, mwanamke huyu apande lori.

Unywele ukaelea.

Aliusukuma chini kwa kidole. Ukapanda tena. Ndipo alipokumbuka kwamba ncha ya mwisho iliyoungua aliikata mwezi uliopita. Zilizobaki kichwani zilikuwa mpya zote, nzima, zimejifunga vizuri, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

“Umeona!” Akullo akapiga makofi. “Iko hai!”

“Mama Alal, sikia,” Nabintu alisema. “Inaelea sababu imepona. Nywele haijue habari ya Otim. Zile siku zingine nilikuwa napaka mafuta. Nilikudanganya. Leo sikupaka, na imeelea, sababu ni nywele nzima tu.”

Akullo aliisukuma gilasi kando. Hakumtukana. Odoch alikuwa amesimama kando ya benchi, amembeba Alal, ameinamisha kichwa.

“Leta wembe,” Akullo alisema.

Nabintu alianzia kwenye paji la uso, kwa mikono ileile. Misokoto ilianguka mapajani mwa Akullo na yeye akawa anaikusanya kwenye leso, mmoja mmoja, asiache hata kidogo. Walipofika kisogoni akauliza polepole, bila kugeuka, “Na yeye akirudi, atanijua?”

Nabintu alikuwa na jibu tayari mdomoni, zuri kama yale ya Jumamosi zote tano. Hakulitoa. Aliinamisha kile kichwa taratibu, akaendelea kunyoa.