Jina Lililodondoka Kati ya Picha Mbili

Ilikuwa saa nane mchana. Nakutajia saa mapema ili usije ukasema mzee alisinzia, au alitoka kilabuni. Sinywi, na mchana silali. Haya yalinipata mimi mwenyewe, dukani kwangu hapa Balangdalalu, na fundi cherehani wa mlango wa pili yupo hai. Nenda kamuulize.

Mimi ni mtu wa Dongobesh. Shule niliishia darasa la pili, baba akanipeleka kuchunga. Vitunguu saumu ndivyo vilivyonitoa: nililima, nikauza, nikanunua mashine ya fotokopi, baadaye kompyuta na printa. Leo nina steshenari, na vijana wenye vyeti huniamkia kwanza ndipo waombe kuchapiwa barua. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Ila kuna jambo nililificha miaka mingi. Sijui kusoma vizuri. Herufi nazijua, neno refu linanishinda. Binti yangu, muuguzi kule Haydom, ndiye aliyenipa ujanja. Unafungua karatasi kwenye simu, unabonyeza maandishi kwa kidole mpaka yageuke bluu, halafu unagusa "Soma." Simu inakusomea kwa sauti. Lakini sharti yawe maandishi kweli, yanayoshikika. Kama ni picha ya maandishi, utabonyeza mpaka kidole kiote sugu na simu itanyamaza.

Sasa, kijiji kilikuwa kinaandaa orodha ya wenye mashamba. Majina yote yalikuwa mtandaoni, kwenye mfumo ambao wenyewe wanauita kanzidata. Mtendaji wa kijiji akanipa namba ya siri, akaniambia, "Mzee, toa PDF tubandike ukutani." Kwenye mfumo kipo kitufe cha kutoa PDF yenye maandishi yanayoshikika, lakini siku hiyo mtandao ulikuwa unajikokota. Nikachoka kusubiri. Nikapiga picha ya skrini, nikashusha ukurasa, nikapiga nyingine, nikashusha, mwisho nikaziunganisha zote zikawa PDF moja. Kwa macho ilikuwa safi kabisa. Nikachapa. Na kwa kuwa mimi ni mjumbe wa kamati ya ardhi, nikaweka sahihi kwamba nimeisoma. Niliisomaje? Kwa miwani? Miwani yenyewe niliinunua mnadani, ya heshima tu.

Kwenye mkutano, mama mmoja mjane wa Kidatoga akasimama. Nitamwita Udamesh.

"Shamba letu halimo," akasema.

"La nani?" nikamuuliza, miwani usoni.

"La mzee wetu."

"Mzee gani? Ana jina, au tuandike Mzee Wetu, Mdatoga, wa hapa hapa?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Yeye akavuta nguo yake, akafunika uso, akakaa. Na mimi nilijua. Nani hapa kwetu asiyejua? Mwanamke wa Kidatoga hataji jina la wakwe zake. Shamba lile liliandikwa kwa jina la babu wa marehemu mumewe, na majirani zake ni wageni, hawakumjua mzee huyo. Wanaume wa boma wamehama na ng'ombe, wako mbali. Hakukuwa na mdomo wa kumsemea. Mtendaji akatangaza kwamba shamba litakalokosa jina mpaka mkutano wa mwisho litagawiwa watu wengine. Yule mama alikuwa amebakiwa na wiki moja tu.

Siku moja kabla ya mkutano huo ilikuwa siku ya mnada. Watu wote walikwenda mnadani, senta yote ikawa tupu. Nimekaa dukani, nainua kichwa, mbele yangu amesimama bibi mmoja. Sikumsikia akiingia. Amejifunika ngozi, ya zamani, ile ambayo siku hizi huioni ila kwenye sherehe. Mkono wa kushoto umejaa bangili za shaba hadi kiwiko, wala hazikulia. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya ngozi.

"Shikamoo, mama," nikamwambia, maana alikuwa mkubwa kwangu.

"Marahaba. Ile karatasi ya ukutani umeitengeneza wewe?"

"Ni mimi."

"Kuna mtu umemwacha njiani."

"Nani?"

Akanitazama. "Huyo simtaji. Ni baba wa mume wangu."

"Mama, sasa nimtafuteje?"

"Siku ile ulicheka sana. Nilidhani mtu anayecheka hivyo anajua kazi yake."

Nikaona haya. Halafu nikajiuliza: mkutanoni alikuwa amekaa wapi? Mtu wa namna hii ningemsahau? Nikafungua ile PDF yangu kwenye simu ili nimsomee majina. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Herufi zimekaa tu, hazigeuki bluu.

"Haisemi," akasema.

"Hii ni picha, mama. Picha haisomeki na simu."

"Na wewe je? Macho si unayo?"

Niamini, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo usoni. Nikavua miwani. "Sisomi," nikamwambia. Neno lile lilinitoka kama jino.

Hakucheka. Alisema, "Basi tuko sawa. Mimi sitaji, wewe husomi. Hicho kidude kifanye kazi yetu sote wawili."

Nikaingia kwenye mfumo, nikabonyeza kile kitufe nilichokikimbia. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Yeye amesimama vile vile, hajabadilisha hata mguu. PDF ikashuka. Nikaweka kidole, maandishi yakageuka bluu, nikagusa "Soma."

Wewe unayetumia simu unajua: ile sauti ya dada wa simu inajikwaa kwenye majina yetu. Ya Kiiraqw inayaponda, ya Kidatoga inayavunja vipande. Ikaenda hivyo, inaponda, inavunja. Halafu ikafika kwenye jina moja, ikalitamka lote, na ile sauti ya kooni mahali pake, kama mtu aliyezaliwa kwenye boma. Bibi akainamisha kichwa, akafunika uso kwa ngozi, kama mke anavyofanya asikiapo jina la baba mkwe.

"Huyo," akasema. "Sasa chapa."

Nikageukia printa. Karatasi ikatoka. Nikageuka kumpa. Hakuna mtu.

Nikatoka mbio. Fundi cherehani amekaa mlangoni pake, na duka langu lina mlango huo mmoja. "Mama aliyetoka ameelekea wapi?" Akasimamisha cherehani. "Mama gani, mzee? Hakuna aliyeingia. Tangu saa ile nakusikia unaongea peke yako, na simu inakujibu."

Nilirudi ndani nikalinganisha, jina kwa jina, kidole kwenye karatasi. Picha ya kwanza iliishia mstari wa juu ya jina lile. Picha ya pili ilianzia mstari wa chini yake. Nilikuwa nimeshusha skrini kupita kiasi, mstari mmoja tu. Shamba la watu.

Kesho yake nilisimama mkutanoni bila miwani. Nikasema mbele ya wote: sijui kusoma, nilisaini nisichokisoma, kosa ni langu. Wengine waliguna, mmoja akacheka. Nikamwachia. Nikalitamka jina, maana mimi si wa boma lile. Udamesh akafunika uso, safari hii kwa heshima, si kwa aibu. Shamba likaandikwa.

Baadaye nikamsimulia. Akaniuliza jambo moja: "Mkono wa kulia uliuona?"

"Hapana."

"Huo ulikatwa kule Haydom, alipougua. Ni mama mkwe wangu. Tulimzika akiwa hana mkono huo." Nikamuuliza jina la marehemu. Akatikisa kichwa. "Hilo nalo silitaji."

Orodha ile bado ninayo. Nimeisikiliza mara nyingi. Majina mengine simu inaendelea kuyavunja, langu likiwamo. Lile moja hulitamka safi kila mara. Binti yangu alilisikia, akaomba nisirudie.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliye na sahihi na muhuri. Usisaini kitu ambacho hujakisoma au hujasomewa. Ukitoa karatasi mtandaoni, toa yenye maandishi yanayoshikika, subiri hata kama kiduara kitazunguka mpaka jioni. Na mwanamke akikunyamazia ulipomuuliza jina, usicheke. Hujui nani amesimama nyuma yake.

Jina lenyewe sikuliandika humu, umeona. Haya nayo ni maandishi yanayoshikika. Huenda yakasomwa na simu ndani ya boma lile, na wapo wanawake wasiopaswa kulisikia bila kujifunika uso.