Mstari wa Chaki wa Mama Kinyaa

Mtaa mzima ulimwita Mama Kinyaa, naye aliitika bila kununa, maana jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa cherehani, na hakuna mteja aliyepimwa kabla ya kunawa. Mlangoni pa chumba chake cha kazi palikuwa na ndoo, kopo, sabuni na taulo lililopigwa pasi. Akishampima mtu, yeye naye alinawa mara tatu: ya kwanza kutoa jasho la mteja, ya pili kutoa povu la ile ya kwanza, na ya tatu kwa ajili ya roho yake. Kiti cha wageni alikifuta wageni wenyewe wakiwa bado wanaaga.

Kinyaa hicho ndicho kilichomfikisha kwenye kompyuta. Zamani pateni zake, michoro ya kukatia nguo, alizichora kwenye karatasi na kuzitundika msumarini, mpaka asubuhi moja akakuta panya wamezikojolea na mende wametaga kwenye mikunjo. Alitapika uani, kisha akazichoma zote. Hasara haikuwa ndogo. Pateni zile zilikuwa za watu ambao nguo za dukani ziliwakataa: dereva aliyekatwa mguu, msichana mwenye bega moja chini, na bibi mmoja mwenye kibiongo, mwalimu mstaafu wa hesabu. Watu kama hao hawapendi kupimwapimwa. Mama Kinyaa alimpima mtu mara moja, akaweka pateni, basi. Nguo zilizofuata mteja alikuja kuchukua tu.

Mwalimu ndiye aliyemletea kompyuta yake ya zamani na kumfundisha kuchorea humo. Na Mwalimu ndiye aliyewahi kumtazama akinawa ile mara ya tatu baada ya kumpima mgongo, akamwambia kwa upole, “Hakiambukizi, mwanangu.” Mama Kinyaa alitaka kueleza kwamba yeye humnawia kila mtu, hata mumewe. Badala yake akachukua taulo, na toka siku hiyo hakuwahi kueleza.

Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili ndani ya diski moja. Ukiiwasha, kwanza inakuuliza unataka upande gani. Windows ulikuwa upande wa nyumba nzima, wa muziki na filamu. Linux ulikuwa wa Mama Kinyaa peke yake, wa programu ya pateni. Alipouliza vitu viwili vinakaaje kwenye kitu kimoja bila kugombana, Mwalimu alivuta kitambaa cha kaki mezani, akachukua chaki na kukipiga mstari katikati.

“Diski ni jora moja,” alisema. “Huku shati, huku suruali, kinachotenganisha ni chaki tu. Ukiwa upande wa Windows utaona kipande cha pili hakina jina, utadhani kitupu. Si kitupu, ni vile tu upande huo hausomi maandishi ya mwenzake. Na chaki ikifutika, mwanangu, kitambaa hakijachanika. Balaa ni mwingine akija kukata juu yake.”

Siku hiyohiyo akamwachia ahadi. Akifa, asije mtu kumpimapima amelala. Pateni yake ipo. Ashonewe gauni, na mgongo ukae vizuri. Mama Kinyaa akakubali, kama unavyomkubalia mtu anayecheka huku anakunywa chai.

Sasa shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, aliyekuja kukaa wiki mbili na sasa alikuwa mwaka wa nne. Alikata kucha za miguu sebuleni na kuziacha zirukie zinapotaka. Alikula juu ya kibodi huku anatazama mieleka, akajifuta mikono kwenye pazia. Kitufe cha herufi A kilinata kwa kitu ambacho Mama Kinyaa hakutaka kukijua. Kila akimwona alihisi mate yanajaa mdomoni, si kwa njaa.

Jumatatu mchana alimkuta ameweka bakuli la mchuzi juu ya kompyuta yenyewe. Akamwambia, “Ukitoka hapo, shemeji, safisha uchafu wako wote. Nikirudi nisikute hata chembe.” Akaenda sokoni kununua uzi.

Kwa mara ya kwanza katika miaka minne, shemeji alisikia la mkubwa. Akafuta meza. Akafuta kibodi. Kisha, kwa kuwa moyo wa usafi ulikuwa umempanda, akaingia mahali panapoonyesha diski ilivyogawanywa, akaona karibu nusu yake imekaa bure, haina jina, haina kitu. Akaona huo nao ni uchafu. Akakifuta kipande kile ili filamu za mieleka zipate pa kukaa, akaizima kompyuta ipumzike, akaenda kulala na amani yake.

Jumanne asubuhi zikaja habari kwamba Mwalimu amefariki na mazishi ni Alhamisi. Mama Kinyaa alikwenda msibani moja kwa moja. Hapo akakutana na mpwa wa marehemu, mwanamke mwenye kucha ndefu za rangi. Nguo zote za Mwalimu alikuwa ameshazigawa kabla mwili haujapoa, hata gauni moja la kupimia halikubaki. Mama Kinyaa alimweleza habari ya gauni. Yule alikunja pua.

“Tutamfunika shuka. Nani atautazama huo mgongo? Mimi hata kuuosha siwezi, nasisimka.”

Mama Kinyaa ameona mengi maishani: mende, matapishi ya walevi, soksi za shemeji. Hakuna kilichowahi kumchefua kama pua ile iliyokunjwa. Alitoka bila kuaga, akatema mate njiani, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Nyumbani akaiwasha kompyuta. Haikuuliza upande gani. Kioo kilikuwa cheusi, na juu pembeni mstari mmoja wa maneno ya Kiingereza na kijialama kinachopepesa. Akaizima, akaiwasha, yaleyale. Akamwita shemeji. Shemeji alikuja anajikuna tumbo, akaeleza yote, na mwisho akasema kwa unyonge, “Si ulisema usikute hata chembe?”

Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na hilo lilimuudhi kuliko kosa lenyewe. Nakala nyingine hakuwa nayo. Mwalimu alimsihi mara ngapi aweke pateni kwenye flashi, naye akakataa: flashi hutoka mfukoni mwa mtu, nani ajuaye mfuko huo umelala na nini. Siku hiyo kinyaa chake kilimgeukia mwenyewe, na kilikuwa kichungu.

Fundi wa kwanza alikuwa na duka la vioo, shati jeupe na sakafu unayoweza kulia chakula. Mama Kinyaa alijisikia nyumbani. Fundi alitazama kioo cheusi nusu dakika, akasema hiyo ni kazi ndogo: anafuta diski nzima, anapiga Windows upya, saa sita mama anakuja kuchukua chombo kipya kabisa, safi. Alipotamka “safi” Mama Kinyaa karibu aitikie. Kisha akaikumbuka kaki juu ya meza. Kumbe huyu ndiye yule anayekuja kukata. Akaipakata kompyuta yake na kutoka, fundi akibaki anauliza amekosa nini.

Fundi wa pili, ambaye watu walimwelekeza kwake, aliitwa Makapi, na aliyempa jina hakumwonea. Chumba chake kilinuka risasi ya kuchomelea nyaya na maziwa yaliyolala. Juu ya printa palikuwa na soksi moja. Alikuwa anakula, akajifuta mkono kwenye suruali na kumpa. Mama Kinyaa akampa kiwiko.

“Diski umeigusa tangu ifutwe?” Makapi aliuliza.

Akamwambia hapana, imegoma kuwaka. Na akaongeza, kama mtoto anayejibu mtihani, kwamba kilichofutwa ni chaki, kitambaa kizima.

Makapi aliacha kutafuna. “Nani kakufundisha?”

“Anazikwa keshokutwa.”

Makapi alisukuma sahani kando. Alisema bahati yake ni huko kugoma. Ingewaka, filamu zingeshamwagwa juu ya pateni. Akaiwasha kwa flashi yake mwenyewe, diski isiandikwe chochote, na programu ikaanza kulipitia jora lote ikitafuta palipokuwa na mstari. Ilikuwa diski kubwa na kompyuta kuukuu. Jumanne iliisha, na Jumatano asubuhi Mama Kinyaa akarudi kukaa palepale, kwenye kigoda alichokitandikia leso mbili. Chombo kilipopata joto kupita kiasi, Makapi alikizima, akafungua nyuma kusafisha feni. Likatoka donge la nywele na vumbi, mende mkavu na mayai yake, na alipokigeuza kibodi zikadondoka kucha za mguu, tano, sita. Mama Kinyaa alizitambua. Alikwenda mlangoni, akatapika kwa adabu, akarudi kukaa.

Alasiri mwanzo wa kipande cha Linux ukaonekana, halafu mwisho wake. Makapi akauandika mstari upya, akazima, akawasha. Kompyuta ikauliza: upande gani?

Pateni zote zilikuwamo. Ya Mwalimu ilifunguka polepole, mgongo wake umechorwa kwa mistari myembamba, ulivyokuwa. Mama Kinyaa alilia hapohapo mbele ya soksi, na Makapi akampa kitambaa cha kufutia vioo. Akakipokea. Kabla hajaondoka aliomba auziwe flashi, pateni zikanakiliwa humo, akaitia kwenye mkoba wake.

Alhamisi asubuhi, baada ya kukesha akishona, alifika msibani na gauni la rangi ya samawati, shemeji nyuma yake kalibeba mikononi. Shemeji alikuwa ameoga bila kuambiwa. Mpwa wa marehemu alisimama kizingitini na leso puani, hakuingia. Mama Kinyaa aliingia na jirani mmoja mzee. Alimwinua Mwalimu kwa mikono yake mitupu, kiganja kimoja chini ya kibiongo, na kukishikilia hivyo muda wote jirani alipokuwa akivuta kitambaa na kufunga vifungo. Gauni lilikaa. Halikupanda nyuma, halikukunjika begani.

Alipotoka, shemeji alikuwa mlangoni na sabuni na kopo la maji, maana hilo angalau miaka minne ilikuwa imemfundisha. Akammiminia. Mama Kinyaa alinawa mara moja tu, akajifutia kwenye nguo yake na kwenda kukaa na wafiwa. Shemeji alibaki ameshika kopo hewani, akingoja mara ya pili.