Kiapo cha Fundi Katika Chumba cha Mjukuu

Hasira hii nimeiombea dua nyingi, na bado ipo.

Binti yetu ameolewa Vanga. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa saba, tulianza kumtengenezea chumba hapa Kinondo, kwani kwetu mwenye uzazi wa kwanza hujifungulia kwa mamake na kukaa ndani siku arubaini. Nyumba yetu ni ya mawe ya pwani, na kuta zake tumekuwa tukizipaka chokaa miaka nenda miaka rudi, tabaka juu ya tabaka. Binti yangu ana pumu tangu utotoni. Vumbi la chokaa likimwingia kifuani, hulala ameketi.

Kwa hiyo nilimwambia fundi mmoja wa mtaa wetu jambo moja tu: akwangue chokaa yote mpaka jiwe, ndipo apige lipu na rangi, kisha azungushe mbao nyembamba chini ya kuta. Nilimchagua yeye kwa sababu tunasali safu moja. Binti alikuwa amenitajia fundi mwingine, kijana wa bara aliyepo Ukunda. Nikamkatalia.

Siku ya nne fundi aliniita nione. Rangi ya maziwa, mbao zimenyooka, kila kitu kinang'aa.

"Chokaa umeikwangua yote?"

"Wallahi mzee wangu, mpaka jiwe."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Mbona vumbi silioni?"

"Vumbi la fundi hodari halionekani, mama," akajibu, akacheka.

Nami nikacheka. Mke wangu alipotaka kuendelea nikamnyamazisha: "Mtu ameshaapa, wataka nini tena?"

Binti akaja. Mvua zilipoanza, rangi ikafura malengelenge, kisha ikaanza kubanduka vipande vikubwa kama maganda ya muhogo. Nyuma yake hakuna lipu, ni chokaa ile ile ya zamani, ikimwagika kitandani. Asubuhi moja tulimkuta ameshika dirisha, anavuta pumzi kwa mlio kama wa filimbi, mkono mwingine juu ya tumbo. Alipopata nafuu aliniambia, "Baba, mimi sijakulaumu." Heri angenilaumu.

Nilibandua mbao zote kwa mikono yangu. Hata nyuma yake hapakuwa na mkwaruzo mmoja.

Kudanganya kazi ni dhambi ya watu wengi, na huenda ningeivumilia. Lakini jina la Mwenyezi Mungu amelipaka juu ya uvivu wake, akijua kwamba mimi, niliyefundisha watoto wa mtaa huu uzito wa kiapo, nitafunga mdomo. Na nilifunga, na wa mke wangu nikaufunga.

Mjukuu alizaliwa salama, alhamdulillahi. Arubaini mamake aliimaliza sebuleni nyuma ya pazia, wageni wakinywa kahawa upande wa pili, naye hata kujinyoosha hawezi.

Fundi alikuja na kuku wawili. "Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Haki yangu nimekusamehe. Ya binti yangu kamwombe mwenyewe, yupo nyuma ya pazia hilo. Na ya kiapo unaijua kafara yake: ulishe maskini kumi."

"Kumi, mzee? Kwa ukuta mmoja?"

Nikamrudishia kuku wake. "Anza na hawa," nikamwambia.