Miezi Mitano ya Arzahali na Kona ya Ole

Siku niliyoanza kazi nilivaa kanzu ya kaka yangu, ikafagia njia nzima kutoka Madungu mpaka kwenye baraza ya ofisi ya Bwana Mkubwa wa wilaya. Mwandishi wa arzahali, yule mzee aliyewaandikia watu maombi yao kwa Kiingereza, alikuwa amepanda meli kwenda Hija, na Karani Mkuu alimwomba Mwalimu Mkuu wetu mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri wa kumshikia nafasi kila mchana baada ya skuli. Mwalimu Mkuu akanitoa mimi. Wenzangu wanasema alinitoa ili naye apumue. Siwabishii.

Sasa mzee amerudi Alhaji, nami nimestaafu nikiwa na miaka kumi na sita, magoti mazima. Nyinyi wa darasa la nne mnaokuja nyuma yetu, kaeni vizuri niwaeleze kazi ilivyofanywa zamani, yaani mpaka juzi.

Arzahali yangu ya kwanza ilihusu mbuzi aliyepotea. Nilikuwa nimejifunza kwamba Kiingereza kina vineno vinavyotangulia kitendo, *may* na *might*, *can* na *must*, vinavyopima uzito wa jambo: huenda likawa, laweza kuwa, hapana budi liwe. Nilijua pia kwamba kila kimoja hupenda kutembea na mwenzake wa kukitia nguvu au kukipunguza. Nisichokijua ni nani hutembea na nani. Basi nikaviunganisha kama nionavyo vinapendeza.

Karani Mkuu alikuwa mtu mwembamba, kofia ya kiua, miwani ya kamba. Akasoma, akaivua miwani.

"Umeandika mbuzi huyu *must possibly* ameibwa. Kwa Kiswahili ndiyo nini?"

"Hapana budi labda ameibwa, bwana."

"Mtu akikwambia, 'Hapana budi labda nitakuja kula kwako,' utampikia?"

"Nitampikia nusu, bwana."

Mwenye mbuzi alicheka. Karani Mkuu hakucheka, ila alinisogezea kiti, na ndiyo siku niliyofundishwa kazi.

"Kila sentensi iulize," alisema. "Umeona, umesikia, au umeota? Ukiwa umeona, chukua maneno mazito: *must surely*, *will certainly*, na kukataa kabisa ni *cannot possibly*. Umesikia kwa mtu mkweli, basi *may well*, au sema jambo hilo ni *likely*, lina dalili ya kuwa. Umeota, andika *might perhaps*, kisha kalale tena. Uzito wa neno utoke kwenye macho yako. Usitoke kwenye wino."

Nikaishika hiyo. Mwezi wa pili nilikuwa naandika arzahali tatu kabla ya alasiri, na Mwalimu wa Kiingereza, aliyetoka Unguja na kuamini kwamba Pemba nzima ni karafuu na ukaidi, akaanza kuniazima sentensi zangu kuandika ubaoni. Hakusema zilitoka wapi. Nilikuwa nakohoa tu.

Ndipo akaja Bi Time kutoka kijiji cha Ole.

Bi Time ni mjane, mfupi, kanga moja kichwani na nyingine begani, na sauti ya watu wanne. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na kisima alichochimba babu yake kilikuwa kwenye mstari wake. Msimamizi wa barabara alikuwa ametupa jiwe ndani, akasikia jiwe likigonga jiwe, akaandika kwamba kisima kimekauka na kitajazwa kifusi Jumatatu. Kikijazwa, wanawake wa mtaa ule watafuata maji bondeni, kwenda na kurudi na ndoo kichwani, mpaka Mungu awachukue.

Nikaandika. Na kwa kuwa nilikuwa nampinga mtu wa serikali, nilitia kila neno la adabu nililolijua. Desturi ya baraza ni kwamba arzahali husomwa kwa Kiswahili kabla mwenyewe hajatia dole gumba. Nikamsomea: "Huenda labda kisima kikawa bado kina maji kidogo, ikiwezekana."

Bi Time akakificha kidole chake ndani ya kanga.

"Huenda? Asubuhi nimekunywa miye! Weye mwana, maji hayo ndiyo niloogea, ndiyo nilopikia uji! Huenda vipi?"

"Bi Time, shikamoo tena, ni adabu ya Kizungu..."

"Adabu yako ntaichota kwa ndoo?"

Nikamgeukia Karani Mkuu. "Bwana, nimwandikie neno zito?"

"Umeona?"

"Nimesikia."

"Msimamizi naye amesikia. Jiwe." Akarudi kwenye majalada yake.

Hivyo ndivyo nilivyopata uhamisho wangu wa kwanza na wa mwisho: Ole, kwa siku moja, kwa baskeli ya kuazima isiyo na breki. Ilikuwa Ijumaa, hakuna skuli. Bi Time na majirani zake walikuwa wananingoja kisimani na kamba ya makumbi.

"Jiwe alitupia wapi?" niliuliza.

"Pale," akaonyesha upande wa barabara. "Babu kaacha kidato cha jiwe huko, cha kusimamia mchimbaji. Ndoo hushushwa upande wa kibla. Mtoto wa miaka mitatu anajua!"

Msimamizi hakuwa na miaka mitatu, wala hakuuliza. Nikafungwa kamba, nikashushwa upande wa kibla kama ndoo, nikisoma kila sura ninayoijua na moja nisiyoijua.

"Yamo?" Bi Time aliita kutoka juu.

"Yamo! Yamefika kiunoni!"

"Usikojoe humo!"

Jumamosi niliweka arzahali mezani kwa Karani Mkuu: kisima hiki *cannot possibly* kuwa kikavu, mwandishi amesimama ndani yake. Akaniuliza swali lake. Nikageuka taratibu kumwonyesha kanzu ya kaka yangu, ina mstari wa tope kiunoni, umezunguka mzima kama mkanda wa askari.

Akaipeleka karatasi ndani mwenyewe.

Bwana Mkubwa aliniita. "Wewe hakika?" akauliza kwa Kiswahili chake. Nikamjibu kwa Kiingereza changu, bila *perhaps* hata moja, na nikamweleza habari ya kidato na upande wa kibla. Akatazama kanzu. Akachukua kalamu, akaandika chini ya arzahali yetu kwamba barabara *can easily*, yaweza bila taabu, kupita pembeni.

*Can easily!* Nilitoka pale natembea kama niliyeijenga ofisi. Bi Time, aliyekuwa akingoja barazani, alipiga kigelegele kilichomwamsha mlinzi, akanipa shikamoo mimi, mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini si sana.

Alhaji alirudi wiki iliyopita na tende. Akasoma nakala zangu zote, akaweka ile ya kisima juu, akakaa kwenye kiti chake. Nimemwachia wino, meza, na miguu ya meza isiyolingana.

Nanyi wadogo, mkipita Ole kwa baskeli mtaona barabara imenyooka vizuri, kisha ghafla inapinda bila sababu na kunyooka tena. Punguzeni mwendo, mnywe maji. Kona ile nimeiandika mimi.