Mpiga Picha Asiyejulikana wa Garapo Yuko Hai

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na Ok Du-man hataki mtu mwingine amsaidie kulisema. Alipaka nywele rangi nyeusi. Alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya binti yake. Akatoka nyumbani kabla supu haijapoa, mkewe akimfuata nyuma na maneno: "Baba Jae-ok, mtu haendi kupokea asichoitiwa!"

"Nilidhani kadi yangu ya mwaliko imepotea njiani," anasema, na kicheko kinageuka kikohozi. "Kumbe haikuandikwa."

Haya anayasimulia akiwa kazini. Ni saa mbili asubuhi, ghorofa ya pili juu ya duka la nyavu, katika mji wa bandari wa Garapo, kusini mwa Korea. Amemkalisha ajuza mmoja kwenye kigoda na anamgeuza kidevu kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayekagua kikombe cha udongo asije akakivunja.

Bibi amekuja kupigwa picha ya maisha marefu, ile ambayo mtu huipiga angali mzima ili ije kusimama katikati ya maua siku ya msiba wake. Wenyewe husema ukiipiga mapema, kifo hukuona umeshajiandaa, kikaenda kumtafuta mzembe.

"Usinikunjie uso, bibi," Du-man anamwambia. "Wajukuu watakuinamia na uso huo? Watadhani unawadai."

"Nawadai kweli!"

Kamera inalia hapo hapo, kabla bibi hajafunga mdomo.

Kazi hii aliianza akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Leo ana sabini na nane. Studio Eunha imepiga maharusi, watoto wa mwaka mmoja waliokaa mbele ya sahani ya wali na kibunda cha uzi vya kuwaombea shibe na umri mrefu, mabaharia waliokuwa wakienda mbali na wake zao waliokuwa wakizuia machozi ili yasiharibu poda. Zamani foleni ilishuka ngazi hadi barabarani. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni. Wateja wa mwezi mzima hawajazi vidole vya mkono mmoja, na kodi ya chumba inatokana na mwani anaokausha mkewe, Seo Gwi-rye.

Majira ya kuchipua yaliyopita, Nyumba ya Kumbukumbu ya mji ilifungua maonyesho yaliyoitwa "Nyuso za Garapo". Picha zake zote ziliazimwa kutoka majumbani mwa watu.

Akiwa na suti yake ile, Du-man alisimama mbele ya picha ya kwanza akatabasamu. Alimtambua: mchuuzi wa kaa aliyekuwa akipiga chafya kila taa ilipowaka. Akainama asome kibao. *Mpiga picha: hajulikani.* Akaenda kwenye ya pili. *Hajulikani.* Akauzunguka ukuta wote, akiinama na kuinuka, kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni kwenye msiba wa watu wengi.

Ukuta mmoja ulijaa wavuvi waliovaa koti la mistari. Kibao kilieleza kwamba koti la mistari lilikuwa mtindo ulioenea sana Garapo miaka ile.

"Ulioenea!" Gwi-rye anadakia kutoka jiko la nyuma ya studio. "Koti lilikuwa moja. La harusi yake. Wembamba tuliwabana pini mgongoni, wanene tukawaambia wasipumue."

Du-man akiwa bado ameinama, wachumba wawili vijana walimgusa bega. Wakamnyooshea simu. "Samahani, babu, unajua kupiga picha?"

"Niliwapiga," anasema. "Ikatoka nzuri. Hapo ndipo nilipotaka kulia."

Mtu atauliza: huyu bwana muda wote huo hakuwa na muhuri? Alikuwa nao. Mpaka leo upo mezani, chuma kizito kinachobonyeza karatasi mpaka jina likavimba pembeni: Studio Eunha, Ok Du-man. Akiwa kijana aliubonyeza kila picha, tena kwa nguvu za mtu aliyekula akashiba.

Aliyemkatiza ni mama mkwe. Kwenye msiba mmoja bibi huyo alipiga magoti, akainama mbele ya picha ya marehemu mara ya kwanza, akainama mara ya pili, na alipoinuka akaliona jina la mkwewe kwenye pembe ya picha. Yowe alilopiga liliwanyamazisha hata waliaji.

"Aliniambia, 'Wewe kijana, unataka uinamiwe na ungali unakula wali? Heshima za wafu zikikuingia, binti yangu atakuwa mjane kabla mvi hazijamtoka!'"

Tangu siku hiyo, kila picha ya msiba aliikata ukingo kwa mkasi wake mwenyewe kabla ya kumkabidhi mteja. Wateja wakajifunza. Wakaanza kukata hata picha za harusi na za watoto, maana nani ajuaye ni ipi itakayoharakishwa kuteremshwa ukutani ikasimamishwe katikati ya maua? Mama wa familia alikuwa akichukua picha yake, anaomba mkasi, anakata, halafu anamwambia, "Uishi miaka mingi, mwalimu." Anasema walimwita mwalimu ingawa hakuna alichomfundisha mtu zaidi ya kukaa kimya.

"Walinikata kwa mapenzi," anasema. "Kila aliyenifuta alikuwa ananiombea uzima."

Filamu zenyewe, ambazo zingemtetea, alizihifadhi enzi studio ilipokuwa ghorofa ya chini. Kimbunga kikaja, maji yakaingia hadi kiunoni. Aliziokota tope limezilamba zote, nyeupe kama magamba ya samaki.

Ukimuuliza anataka nini sasa, haanzi na fidia. Anatazama kile kigoda kwanza.

"Walipokuwa wakishuka ngazi, kila mmoja alisema, 'Tutarudi, mwalimu.' Nami nikawaamini. Sasa wamerudi, wamekaa ukutani pamoja, na mimi niko nje nimeshika tiketi."

Wiki moja baada ya siku ile ya maonyesho, Gwi-rye alikwenda mwenyewe kwenye Nyumba ya Kumbukumbu. Alichosema huko hakirudii, ila mlinzi wa mlangoni hadi leo humwamkia kwa mikono miwili. Jioni ile ile Pyo Yun-ha, msichana anayesimamia maonyesho, alipanda ngazi za studio na boksi la juisi ya peasi, akainama hadi nywele zikamfunika uso. Vibao vitabadilishwa vuli hii, alisema, maonyesho yakifanywa ya kudumu. Ila picha ni mali ya familia, na kila familia lazima iridhie.

Karibu zote zimeridhia. Imebaki moja, ya kina Tak, nayo ndiyo picha ya mama yao inayotundikwa mlangoni mwa maonyesho, kubwa kuliko zote.

"Uache mlango, mwalimu," Yun-ha alimsihi. "Jina litakuwepo ndani kote."

"Mwanangu, mgeni hakaribishwi kwa kupitia dirisha la jikoni."

Ndiyo maana jana Du-man, mkewe na Yun-ha walikwenda sokoni, kwenye meza ya Tak Mal-sun, muuza dagaa wakavu. Mdogo wake, Chang-gil, nahodha mstaafu, alikuwa ameshafika na mikono ameifunga kifuani.

"Kaka Du-man, harusi yangu uliipiga wewe, wala sina kinyongo," alianza. "Lakini mbele ya picha ile ndipo tunapoinama kila tukimkumbuka mama. Jina la mtu hai chini ya uso wa mama yetu? Ukidondoka kesho ngazini, mji mzima utasema tumekuua sisi."

"Kwa umri huu? Watasema zimeniua ngazi."

Wauza samaki wa jirani waliangua kicheko. Chang-gil hakucheka.

"Basi subiri. Ukishafariki tutaliandika. Brashi nitashika mimi mwenyewe."

"Na ukitangulia wewe?" Gwi-rye akamuuliza. "Maana unakohoa kuliko yeye."

"Shemeji, nazungumza na mwanamume mwenzangu."

Du-man alivua kofia. Alikuwa amekuja na kauli nyingi, zote zikamtoka, ikabaki moja.

"Nikishafariki sitakuja kusoma, Chang-gil." Akaigeuza kofia mikononi. "Nimepanga kupanda kiti nikikaze kile kibao kwa bisibisi yangu. Nikishuka, nisimame pale mlangoni kama mgeni yeyote, nisome, nirudi nyumbani. Sina jingine."

Nahodha alitazama pembeni, kwenye ndoo za pweza. Ilionekana moyo unamlegea. Akaukaza tena.

"Mama hakukujua. Alikaa, akalipa, akarudi nyumbani. Miaka yote hii nikimwinamia ananitazama mimi. Macho yale ni yetu, kaka. Usiweke mtu katikati."

Tak Mal-sun tangu mwanzo alikuwa akichambua dagaa, akiwatupa pembeni waliovunjika vichwa. Sasa alijipangusa mikono kwenye aproni.

"Chang-gil, siku ile wewe ulikuwa baharini, na mimi nilikuwa hapa hapa kwenye dagaa," alimwambia mdogo wake. "Mle chumbani walikuwa wawili tu. Mama hajawahi kukutazama wewe kwenye ile picha; anamtazama huyu."