Miaka Mitano Niliyojipunguzia

Watu wakiniuliza Uingereza ilinipokea vipi, huwa nawaambia sijui, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza Birmingham niliuishi Korea. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu huko Handsworth, si mbali na maduka ya Soho Road, na chumba changu kilikuwa darini. Ukishafunga mlango wa mbele, Uingereza inabaki nje. Ndani alikuwamo mama mwenye nyumba, mjane wa Kikorea mwenye miaka sabini na kitu, na mpangaji mwenzangu, mwanamke wa Kikorea aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika mambo ya vyuma. Mimi, muuguzi wa kutoka Tanga, ndiye niliyekuwa mgeni.

Chumba kile nilikihitaji kwa sababu moja. Binti yangu wa miaka tisa nilimwacha kwa bibi yake Tanga, na ili aruhusiwe kunifuata nilitakiwa kupeleka barua ya mwenye nyumba inayosema mtoto ana pa kukaa. Kila nilikokwenda kuuliza, wakisikia neno mtoto wanakumbuka ghafla kwamba chumba kimeshapata mtu. Huyu mama peke yake ndiye hakubadilika sura. "Kaa miezi minne," aliniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata. "Tukielewana, naandika barua, mtoto anakuja."

Kisha akanimiminia chai ya shayiri, akaniuliza nimezaliwa mwaka gani.

Nilikasirika. Kwetu mwanamke mzima haulizwi umri na mtu aliyejuana naye robo saa. Hata jina langu alikuwa hajalishika vizuri, kazi yangu hakuiuliza, anataka mwaka. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Nikazikumbuka zile ngazi kali za darini, nikadhani anatafuta mpangaji kijana asiyelalamika magoti, na mdomo ukanitangulia. Nikajipunguzia miaka mitano pale pale, bila hata kupepesa macho. Karatasi zangu alikuwa ameshazikagua mtoto wa kiume wa yule mama, anayeishi mji mwingine, naye ni wa kutazama muhuri tu, kwa hiyo sikuona hatari yoyote.

Yule mama akahesabu kwenye vidole, uso ukamchanua. Kwao kila mwaka una mnyama wake, wako kumi na wawili, na mwaka nilioutaja ulikuwa wa joka. "Joka ni mkubwa," akasema, akanipigapiga mkono. Halafu akamwita yule msomi wa vyuma, wakazungumza Kikorea kidogo, akanigeukia. "Yeye ana thelathini na minane. Ni dada yako mkubwa. Utamwita onni."

Nilicheka nikaitikia, nikidhani ni maneno ya kukaribishana tu. Kumbe nyumba nzima ilikuwa imeshapangwa upya palepale, na mimi nimewekwa chini kabisa.

Kuwa mdogo wa nyumba ya Kikorea ni kazi inayojitegemea. Mdogo ndiye anayepanga vijiko na vijiti mezani, ndiye anayemimina maji, tena kwa mikono miwili, na hashiki kijiko mpaka mkubwa ashike chake. Nilirudi kutoka wodini miguu inawaka moto, nikakaa mbele ya wali unaofuka moshi nikimtazama bibi wa watu anavyotafuta miwani yake kwanza. Kimchi ile, kabeji yao ya pilipili, ilinitoa makamasi, na kupenga pua mezani ni mwiko. Nilijifunza kuyavuta taratibu kama mtoto wa chekechea. Siku moja nilichomeka kijiko wima katikati ya wali nikanyanyuka kuchukua chumvi, niliporudi onni ameshakichomoa. Akanifokea mbele ya mama mwenye nyumba kwamba wali wa hivyo ni wa kuwekewa marehemu, na kwamba mtu wa umri wangu anatakiwa kujiongeza.

Mtu wa umri wangu. Nikaomba radhi.

Ila nisiwasingizie. Mama mwenye nyumba, tangu wiki ya kwanza aliposikia situmii nguruwe, alininunulia sufuria ya buluu ikawa yangu peke yangu, na mtu akiisogelea na mwiko wa kitu kingine anamwangalia kwa jicho la kumtoa nje. Na onni ndiye niliyekuwa simtarajii kabisa. Sikujua kwamba kwao ukubwa una mzigo wake. Yeye ndiye aliyenipeleka kujiandikisha kwa daktari, akanisimamia kama mzazi. Akinunua matunda anamenya, ananipa. Baridi ilipoanza aliona navaa raba zilizoloa, akaniletea buti zenye manyoya ndani, akapiga magoti kwenye korido akanibonyeza vidole kuona kama zinanitosha.

Mimi ni kifungua mimba. Nyuma yangu kuna wadogo watano, na tangu nijijue ni mimi ninayebonyeza vidole vya watu ndani ya viatu. Hakuna aliyewahi kupiga magoti mbele yangu. Siku ile nilipanda ngazi zangu za darini nikiwa na buti mkononi na furaha ya kijinga, na nikaanza kuupenda ule udogo wangu wa wizi. Nilikuwa naosha vyombo huku naimba.

Miezi minne ikatimia. Mama mwenye nyumba akasema tumeelewana, nilete hiyo karatasi. Nikaenda kuichukua, na hapo ndipo nilipoisoma vizuri. Haikuwa barua ya kuandika mtu atakavyo. Ilikuwa fomu, na chini ya jina la mpangaji kulikuwa na nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Mama mwenye nyumba ni mtu anayesoma mpaka maandishi ya chupa ya maziwa, mara mbili. Nikikosea makusudi, fomu haitafanana na pasipoti na mtoto atakwama. Nikiandika ukweli, joka amekufa.

Kwenye basi nilimweleza muuguzi mwenzangu, Mkenya wa Nakuru. Alicheka mpaka abiria wakageuka. "Kwani hiyo ni nini? Wewe andika tu date ya ukweli," akaniambia. "Age ni namba tu, watasahau by kesho."

"Wewe huwajui hawa," nikamwambia.

Nilizunguka na ile fomu kwenye mkoba siku mbili. Siku ya tatu onni akanikalisha mezani baada ya chakula cha mchana, akaomba niitoe, akachukua kalamu. Mdogo anapokuwa na fomu, mkubwa ndiye anayeijaza. Hiyo nayo ilikuwa kawaida ya nyumba. Akaandika jina langu kwa mwandiko mzuri, herufi zote zimesimama. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Tarehe ya kuzaliwa?"

Ningeweza kusema nitaijaza mwenyewe. Nilimtazama kichwa kile kilichoinama juu ya karatasi ya mwanangu nikaona aibu isiyo na mfano. Nikaisukuma pasipoti mbele yake, imefunguliwa.

Aliisoma. Akaisoma tena. Nikaona midomo yake inahesabu. Akaifunika kalamu, akaiweka sambamba na karatasi, akasema kwa sauti ya chini, "Arobaini na mmoja," akapanda chumbani kwake. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa anafuta meza, akaichukua pasipoti, akasoma, akanirudishia. Fomu ikabaki pale pale bila sahihi.

Siku tatu zilizofuata sitaki kuzirudia. Onni alikuwa ananiinamia asubuhi kama ninamdai heshima ya miezi yote kwa mkupuo. Nikinyanyuka mezani nakuta vyombo ameshaviosha. Maji ananimiminia kwa mikono miwili, macho yake kwenye glasi. Niliona ananiadhibu, na niliona ninastahili. Binti yangu alipopiga simu na kuuliza barua imefika wapi, nilimwambia iko mezani, na huo angalau haukuwa uongo.

Jumamosi mama mwenye nyumba aliniita jikoni tutie chumvi kabeji. Tulifanya kazi jani baada ya jani, mpaka beseni la kwanza likajaa.

"Unafikiri umesema namba ya uongo," akaanza. "Umri si wako peke yako. Ni wa wote wanaokaa mezani. Miezi minne amekubeba. Wewe ndiye ulipaswa kumbeba."

Nikalia, na safari hii sikuweza kuisingizia pilipili maana tulikuwa bado hatujaitia. Nikamwambia ukweli wote, magoti, ngazi, na woga wa kukosa chumba.

"Ngazi," akasema, akanitazama kana kwamba nimemwambia jambo la ajabu. "Mimi nilitaka tu kujua nikupe kiti gani." Akajifuta mikono. "Nenda juu kwake. Akiniambia nisaini, nasaini."

Nilichukua tufaha, nikalimenya vizuri, nikalikata, nikalipanga kwenye kisahani. Nikagonga mlango wake nimeshika kisahani kwa mikono miwili. Alifungua, akaona tufaha, akarudi nyuma hatua moja. Nikamwambia pale pale mlangoni kwamba nimekuja kuomba msamaha, kwamba nilianza kwa woga lakini niliendelea kwa kupenda, kwa kuwa sijawahi kuwa na dada mkubwa maishani mwangu na nilipompata sikutaka kumrudisha. Nikamwambia buti naweza kuzirudisha.

"Buti ningekununulia hata ungekuwa na miaka sitini," akasema. "Miguu ilikuwa imeloa." Masikio yakamwiva. "Nilikufokea. Kwa sababu ya kijiko. Umenizidi miaka mitatu, na mimi nilikufokea mbele ya mtu mzima. Siku zote tatu najiuliza nitakutazama vipi."

Kumbe hakuwa ananiadhibu. Alikuwa anajificha kwa aibu yake mwenyewe, aibu niliyomtafutia mimi. Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikamwambia kijiko kile kilistahili kufokewa na umri wowote. Akachukua kipande cha tufaha, akakishika, hakukila. Sikuelewa mpaka aliponyoosha kidole kwenye kisahani: mkubwa aanze. Nikala, naye akala.

Fomu ilisainiwa jioni ile. Mama mwenye nyumba aliisoma mara mbili, kisha akahesabu upya kwenye vidole vyake na kutangaza kwamba mwaka wangu wa kweli si wa joka hata kidogo. Ni wa nguruwe. Mimi, binti wa Tanga, sufuria yangu ya buluu iko pale jikoni inalindwa ili nguruwe asiikaribie, kumbe nguruwe ndiye mimi. Akanihakikishia kwamba kwao nguruwe ni heri, huleta riziki ndani ya nyumba. Kisha akatukalisha upya, kwa mpangilio, kama siku ya kwanza. Nilihama kiti. Safari hii nilikuwa wa pili kushika kijiko.

Mwanangu alifika majira ya kuchipua, amevaa sweta mbili na kofia aliyoshonewa na bibi yake. Kwenye korido akakuta jozi mpya ya buti ndogo zenye manyoya, na mwanamke amepiga magoti tayari kumbonyeza vidole. Mtoto amelelewa Tanga, hawezi kuguswa mguu na mtu mzima kabla hajamwamkia. Akanigeukia, akauliza kwa Kiswahili, "Mama, huyu nimwite mama mkubwa au mama mdogo?"

"Mama mdogo," nikamjibu.

"Shikamoo, mama mdogo."

Yule mama mdogo akaniuliza mtoto amesema nini. Nikamweleza kwamba kwetu dada wa mama naye ni mama, ila mtoto lazima ajue nani alitangulia kuzaliwa, maana aliyemtangulia mama yake anaitwa mkubwa na aliyemfuata anaitwa mdogo. Na kwamba ile salamu mtoto humpa aliyemzidi umri, haiwezi kwenda kinyume.

Alimfunga mtoto kamba za buti zote mbili, taratibu, kisha akaniangalia kutoka pale chini.

"Kwa hiyo na ninyi mnahesabu."

"Tunahesabu."

"Na siku ile ya chai, ulipojipunguzia, ulikuwa unayajua haya?"

Nilikuwa nayajua tangu utotoni, nilipojifunza kusema. Nikamwambia hivyo. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo, ingawa zamu ilikuwa yake.